Nyumba Isiyobishiwa Hodi

Katika vyumba vya walimu husikika hoja mbili juu ya sarafu za kidijiti. Wa kwanza husema kwamba mambo hayo ni kamari iliyovikwa koti la hesabu, na kwamba mwanafunzi anayejishughulisha nayo anastahili kunyang'anywa simu. Wa pili, ambao aghalabu ni vijana zaidi, husema kwamba huko ndiko ulimwengu uelekeako, na atakayechelewa atajuta. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili, na sababu yangu si ya kiuchumi bali ya kifundi.

Rai yangu ni hii. Nodi ya Bitcoin, yaani kompyuta inayotunza na kukagua leja ya sarafu hiyo, ikiendeshwa nyumbani au shuleni bila fedha yoyote ndani yake na bila matumaini ya faida, ni maabara nzuri ya kufundishia jinsi intaneti ifanyavyo kazi. Tena kasoro inayomsumbua karibu kila anayeianza, yaani nodi yake kutofikiwa na wenzake, inafichua jambo ambalo wananchi wengi hawalijui: ya kwamba nyumba zao zimeunganishwa na intaneti nusu tu. Wao wanaweza kubisha hodi kwa wengine, lakini wengine hawawezi kubisha hodi kwao.

Jambo hili nililifahamu vizuri kwa sababu ya mpwa wangu, kijana aliyemaliza kidato cha nne na anayeishi na mama yake mjini Morogoro. Mwaka jana alinijia amebeba uso wa mtu aliyefiwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo, ila hasemi nami. Mjomba, ile mashine yangu leo ni siku ya ishirini na tano. Haijaingiza hata senti moja."

Kumbe muuza kompyuta kuukuu mmoja alikuwa amemwambia kwamba mashine ikiachwa inaendesha nodi, kila siku itamwingizia fedha. Kijana akachukua akiba ambayo mama yake alikuwa amemwekea kwa ajili ya kozi ya ufundi wa umeme, akanunua kompyuta iliyotumika na diski ya terabaiti moja. Kwa muda wa wiki tatu kasoro kidogo mashine ilipakua leja nzima tangu bloki ya kwanza ya tarehe 3 Januari 1009 — la, nisiwapotoshe wanafunzi, ya mwaka 2009 — mzigo ambao sasa umepita gigabaiti 600. Baada ya hapo akakaa kitako kungoja mavuno.

Ilinipasa kumwambia ukweli, nanyi walimu mwaambieni wanafunzi wenu mapema kabla muuzaji hajawatangulia: nodi hailipi. Malipo yaliyomo katika utaratibu wa Bitcoin, ambayo tangu Aprili 2024 ni sarafu 3.125 kwa kila bloki pamoja na ada za miamala, huenda kwa wachimbaji. Hao ni watu wenye mitambo maalumu inayokula umeme mwingi mno, nao hushindana kutafuta nambari inayokubalika ili wapate haki ya kuandika bloki inayofuata. Mwenye nodi ya kawaida hayumo katika mashindano hayo. Kazi yake ni ya mkaguzi wa hesabu asiye na mshahara.

Hata hivyo ukaguzi huo si kazi bure. Tarehe 15 Agosti 2010, katika bloki ya 74,638, mtu asiyejulikana alitumia kosa la kujumlisha lililokuwamo ndani ya programu akajiandikia sarafu zaidi ya bilioni 184, ilhali kanuni inasema sarafu zote zitakazopata kuwako hazitazidi milioni 21. Kosa lenyewe linafaa kufundishwa darasani: nambari zilikuwa kubwa kupita nafasi zilizotengewa, jumla ikafurika na kuonekana ndogo. Waandishi wa programu walitoa toleo lililorekebishwa katika muda wa saa chache, nao wenye kompyuta duniani wakalipokea. Kompyuta hizo zikaikataa bloki ile mbovu, zikafuata mnyororo mwingine usio na wizi. Hakuna hakimu aliyetoa amri. Wakaguzi walikataa, basi ikawa haipo. Hiyo ndiyo maana ya nodi, na mtu anayeielewa hataiulizia mshahara.

Mpwa wangu alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali lililonifanya nimpende zaidi: "Sasa, mjomba, hiyo kazi ya ukaguzi mashine yangu inaifanya, au hata hiyo haifanyi?"

Tulikwenda kuangalia. Na hapa ndipo somo linapoanza.

Kasoro ya kwanza haikuhusu mtandao hata kidogo, ingawa ilijivika sura ya mtandao. Nodi ilikuwa nyuma ya wenzake kwa saa kadhaa, wala haikuwafikia. Bloki mpya hupatikana kwa wastani kila baada ya dakika kumi. Yeye alikuwa akiziona zikija, kisha zikikataliwa. Alikuwa amekwisha kulilaumu shirika la simu, waya, hata mvua. Nikatazama saa ya kompyuta. Ilionyesha saa kumi alfajiri kwa hesabu ya Kizungu, ilhali jua lilikuwa limekwisha kupanda na watoto wako shuleni.

Umeme ulikuwa umekatika usiku wa kuamkia jana yake. Betri ndogo inayotunza saa ndani ya kompyuta kuukuu ile ilikuwa imekufa, hivyo umeme uliporudi mashine iliuliza saa. Kijana akatazama saa ya ukutani, ambayo mama yake huiweka kwa Kiswahili kama nyumba nyingi zifanyavyo. Ilikuwa saa tatu asubuhi, naye akaandika 3:00. Kwa kompyuta hiyo ni saa tisa ya usiku. Tofauti ikawa saa sita kamili.

Basi nodi ya Bitcoin ina kanuni kwamba bloki yenye muhuri wa wakati unaozidi saa mbili mbele ya saa ya kompyuta yenyewe isipokewe. Kanuni hiyo imewekwa ili pasiwe na mchimbaji anayejiandikia tarehe za kesho. Kwa mashine iliyochelewa saa sita, kila bloki halali ya asubuhi ile ilionekana kuwa imetoka wakati usiofika. Programu ilikuwa imetoa onyo kwa Kiingereza juu ya dirisha, naye alikuwa amelifunga bila kulisoma, kama tufanyavyo sote. Tulirekebisha saa, tukaiamuru kompyuta iwe inajisahihisha yenyewe kupitia intaneti, na katika muda wa dakika chache nodi ikawa sawa na wenzake. Betri mpya ni ile ya duara, bapa, iuzwayo kwa mafundi saa.

Naisimulia kasoro hii kwa kirefu kwa sababu mwalimu wa fizikia hatapata mfano bora wa kufundishia kwamba kipimo hakina maana pasipo kutaja kinapimwa kuanzia wapi. Saa tatu na saa tisa ni saa ile ile. Kilichobadilika ni mahali tulipoanzia kuhesabu.

Tukaja kwenye kasoro ya pili, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Programu ya Bitcoin Core, ikiwa imewekwa kwa kawaida yake, hutoka yenyewe kwenda kutafuta wenzi kumi, na huwa tayari kupokea wengine wanaoijia hadi jumla ifike 125. Kwenye mashine ya mpwa wangu walioendewa walikuwa kumi, nao waliojia walikuwa sifuri, usiku na mchana. Ieleweke vizuri kwamba nodi ya namna hii si mgonjwa. Inapokea bloki, inakagua, inakataa uongo. Ila haimsaidii mgeni: kompyuta mpya inayoanza leo na kutafuta mahali pa kupakua leja haiwezi kuipata. Wakiwa wote namna hii, mtandao usingekuwapo, kwani kila mmoja angetoka kubisha hodi na asimkute mtu wa kuitika.

Kwa nini haikufikiwa? Nitatumia mfano wa sanduku la posta, kwa kuwa kila shule yetu inalo.

Shule yenye wanafunzi 600 ina S.L.P. moja tu. Mwanafunzi akiandika barua kwa shangazi yake, barua hupitia kwa karani wa shule, naye huandika katika daftari kwamba fulani wa bweni fulani amemwandikia shangazi wa Tabora. Jibu likija kwenye sanduku, karani hutazama daftari lake, humpata mwenyewe na kumpelekea. Lakini ikija barua ambayo hakuna aliyeianzisha kutoka ndani, isiyo na jina la mwanafunzi, karani hana la kufanya nayo ila kuitupa. Hana nia mbaya. Hajui tu ni ya nani.

Ruta ya nyumbani ni karani yule. Kompyuta zilizomo ndani zina anwani za ndani, kwa kawaida zinazoanza na 192.168, na anwani hizo zimo katika maelfu kwa maelfu ya nyumba nyingine duniani, kama vile kila shule ilivyo na bweni namba moja. Ruta hubadilisha anwani za ndani kuwa ile moja ya nje, na huweka daftari la nani ametoka kuongea na nani. Majibu hupita. Mgeni asiyetarajiwa hutupwa. Utaratibu huu ulipendekezwa mwaka 1994 kama tiba ya muda ya upungufu wa anwani, na kama ilivyo desturi ya tiba za muda, ungali nasi.

Tiba kwa mwenye nodi ni kumwandikia karani maagizo ya kudumu. Kila huduma ya intaneti huwa na nambari ya mlango, na ya nodi za Bitcoin ni 8333. Mtu hufungua ukurasa wa ruta na kuagiza: kila ajaye kwa mlango 8333 apelekwe kwa kompyuta yenye anwani fulani ya ndani. Tulifanya hivyo jioni. Asubuhi umeme ulikatika tena, ukarudi, na agizo letu likawa halina maana. Sababu ilikuwa kwamba ruta hugawa anwani za ndani upya kila inapowashwa, kwa hiyo ile iliyokuwa 192.168.1.23 ikaamka ikiwa 192.168.1.31. Karani alikuwa akipeleka barua kwenye kitanda kitupu. Hapana budi kuiagiza ruta imwekee kompyuta ile anwani moja asiyopewa mwingine. Kisha ni lazima programu ya ulinzi ya kompyuta yenyewe iruhusu mlango huo, jambo ambalo ni la dakika mbili na husahauliwa na wengi.

Yako mashauri mabaya yanayotembea mitaani, nami sina budi kuyataja. Fundi mmoja kwa simu alimwambia mpwa wangu azime ulinzi wote na aelekeze milango yote ya ruta kwenye kompyuta yake "ili mambo yaishe." Hii ni sawa na kung'oa kuta ili upate dirisha. Mwingine akamwambia afungue pia mlango 8332. Mlango huo ndio wa kuitolea nodi amri. Anayeufungua kwa ulimwengu anamkabidhi mpita njia usukani. Wako pia wanaoshauri kuiacha ruta ifunguliwe milango na programu yoyote inayoomba, kwa utaratibu uitwao UPnP. Waandishi wa Bitcoin Core wenyewe waliuzima kwa kawaida mwaka 2015 baada ya kugundulika udhaifu wa hatari katika maktaba ya programu iliyokuwa ikiufanikisha, na mwaka 2025 wakauondoa kabisa. Mlango ufunguliwe kwa mkono, na mwenye nyumba ajue kwa nini.

Baada ya yote hayo, waliojia walibaki sifuri.

Hapo ndipo tulipofanya kipimo ambacho naona kila klabu ya sayansi ingepaswa kukifanya hata kama haina haja na sarafu yoyote. Ukurasa wa ruta huonyesha anwani ambayo kampuni ya intaneti imempa mteja. Kisha zipo tovuti ambazo humwambia mtu anaonekana kwa anwani gani akitazamwa kutoka nje. Mbili hizi zikilingana, nyumba ina sanduku lake. Yetu hazikulingana. Ruta ilionyesha anwani inayoanza na 100.72, nje ilionekana nyingine kabisa. Anwani zote kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa Aprili 2012 kwa kazi moja: kampuni za intaneti zizitumie ndani ya mitandao yao ili wateja wengi wagawane anwani moja ya hadhara.

Yaani sanduku la shule lilikuwa limo ndani ya sanduku jingine, na karani wa sanduku lile kubwa yuko ofisini kwa kampuni. Unaweza kumwagiza karani wako mpaka sauti ikauke. Barua haimfikii kamwe, imekwisha kutupwa kabla yake.

Tuliipigia kampuni simu. Kijana wa huduma kwa wateja, mwenye adabu nyingi, alituuliza kama tumejaribu kuizima ruta na kuiwasha. Mara ya tatu tukapata mtu aliyeelewa swali, naye akasema kwamba anwani ya hadhara ni ya wateja wa biashara, kwa malipo ya ziada kila mwezi. Nilipouliza juu ya anwani za toleo la sita la intaneti, akasema tuandike barua.

Msomaji atauliza kwa nini anwani ziwe adimu hivi. Toleo la nne, IPv4, ambalo bado linabeba sehemu kubwa ya mawasiliano, linaandika anwani kwa biti 32, hivyo zote haziwezi kuzidi 4,294,967,296, ambazo hazitoshi hata anwani moja kwa kila binadamu. Ghala la dunia liliisha tarehe 3 Februari 2011. Ghala la Afrika, linalotunzwa na AFRINIC yenye makao Mauritius, liliingia katika awamu ya mwisho ya mgao mwaka 2020. Mgawanyo wenyewe ulifanywa wakati sisi hatukuwa mezani. Marekani peke yake hushika zaidi ya anwani bilioni moja. Afrika nzima haifikii hata robo ya hizo. Sisemi kwamba kulikuwa na njama. Waliotangulia kisimani waliteka kwa mitungi mikubwa, na wengine walikuwa hawajaja: Tanzania yenyewe mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa sababu zilizoonekana njema wakati ule.

Lakini uhaba huu una dawa, na dawa ilikwisha kupatikana kabla ya wanafunzi wetu kuzaliwa. Toleo la sita, IPv6, linaandika anwani kwa biti 128. Idadi yake ni nambari yenye tarakimu 39. Kila balbu ya kila shule ingeweza kuwa na anwani yake ya hadhara na zisionekane kupungua. Simu nyingi na kompyuta nyingi zilizomo mikononi mwetu zinaielewa tayari. Kinachobaki ni kampuni kuiwasha mpaka nyumbani kwa mteja, na wateja kujua kwamba wanayo haki ya kuiuliza.

Kuna watakaonijibu kwamba nyumba isiyofikiwa ni nyumba salama, na kwamba kampuni inatufanyia hisani. Hoja hii ina chembe ya ukweli. Kompyuta kuukuu zenye programu zisizosahihishwa, zikiwekwa wazi, zitavamiwa mara moja. Lakini usalama wa aina hiyo ni wa mtu aliyefungiwa mlango kwa nje. Ruta ya IPv6 inaweza kuzuia wageni wote kwa kawaida yake na kumwachia mwenye nyumba afungue mlango mmoja anaoutaka. Tofauti iko katika nani ameshika ufunguo. Tena anayenyimwa si mwenye nodi peke yake. Shule ya sekondari yenye kituo kidogo cha hali ya hewa juu ya paa haiwezi kuwaonyesha wenzao wa wilaya nyingine vipimo vyake moja kwa moja. Sharti ivipeleke kwanza kwenye kompyuta ya kampuni iliyo ng'ambo, kisha wenzao wakavichukue huko. Mwalimu aliyetunza mitihani ya zamani kwenye kompyuta ya maktaba vivyo hivyo. Tumezoea kuwa wasomaji wa intaneti hata tumesahau kwamba ilibuniwa kwa watu wanaoandikiana.

Kwa sasa iko njia ya kuzunguka, nasi tuliifuata. Mtandao wa Tor huiwezesha kompyuta kupokea wageni pasipo mlango wowote kufunguliwa kwenye ruta, kwa sababu kompyuta yenyewe hutoka kwanza kwenda mahali pa kukutania, na mgeni naye huja pale. Kwa karani, hayo yote huonekana kuwa ni majibu ya barua iliyotoka ndani. Ni polepole zaidi, wala wageni si wengi kama wale wa njia ya wazi. Lakini usiku wa kwanza walikuja watatu. Mpwa wangu alinipigia simu saa tano usiku kunieleza, akidhani sijalala. Nami, kusema kweli, sikuwa nimelala.

Sasa mambo ya gharama, ambayo mwalimu mkuu atayauliza kabla ya yote. Asijaribu mtu jambo hili kwa bando la simu. Hata nodi iliyopogolewa, yaani inayofuta bloki za zamani ili isijaze diski, hulazimika kwanza kupakua na kukagua zote, gigabaiti 600 na ushei. Kupogoa huokoa diski, bando haliokolewi. Nodi iliyopogolewa sana huweza kuwapa wageni bloki 288 za mwisho tu, za kama siku mbili, na kwa shule hiyo yatosha. Nodi kamili inayopokea wageni huweza kupeleka nje mzigo mkubwa kuliko inaopokea, kwa maana kila mgeni mpya huomba historia nzima. Kwa hiyo iwekewe kikomo cha kila siku katika mipangilio yake. Umeme ukikatika ghafla mara kwa mara, hifadhi huharibika na mashine hulazimika kujikagua upya kwa siku nzima au zaidi. Kifaa cha betri cha kuizimisha mashine kwa utaratibu si anasa.

Na sheria nayo iheshimiwe. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la kuwaonya wananchi juu ya sarafu hizi; Kenya kwa upande wake ilipitisha sheria ya kusimamia watoa huduma za mali za namna hiyo mwaka 2025. Klabu ya shule haina sababu ya kununua wala kuuza chochote. Programu ina mpangilio wa kuzima kabisa sehemu ya kutunzia fedha, na ningependa mlezi wa klabu auzime mbele ya wanafunzi wote siku ya kwanza, ili asiwepo wa kunong'ona kwamba mwalimu anatajirika.

Wapo watakaosema: ikiwa shabaha ni kufundisha anwani na milango, kwa nini usitumie chombo kisicho na harufu ya kamari? Nimelifikiria sana swali hili. Chombo kingine chaweza kufaa. Lakini nodi ina sifa moja ambayo sijaipata kwa urahisi penginepo: inamwambia mwanafunzi, kwa hesabu isiyobembelezwa, kama anaaminika na wenzake au haaminiki. Saa ikikosea, yuko nyuma. Mlango ukifungwa, sifuri. Hakuna alama za huruma. Tena anayeona kwa macho yake kwamba nodi haiingizi senti hatadanganywa na muuzaji wa pili, na wauzaji wa namna ile wamejaa katika kila stendi.

Ile akiba ya kozi haijarudi. Dada yangu nami tumegawana ada, na kijana ameanza masomo ya umeme muhula huu, wakati diski yake ikivuma chini ya meza ya mama yake, ambaye amekubali iwepo kwa sharti kwamba mita ya umeme itazamwe kila Jumamosi na yeye alipe sehemu yake. Barua ya kwanza ya kuomba IPv6 ilijibiwa kwamba ombi limepokelewa. Ya pili tuliituma mwezi uliopita, safari hii ikiwa na sahihi za majirani kumi na mmoja, ambao kati yao watatu walitaka kwanza waelezwe habari za karani na sanduku.